UCHAMBUZI: Maputo yakipungua, nani atahesabu vumbi la ncha za dunia?

KIJIJI cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, kilijulikana ulimwengu mzima mnamo Desemba 30, 2024, pale pete kubwa ya chuma ilipoanguka kutoka angani na kutua karibu na makazi ya watu. Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilieleza kwamba pete hiyo, yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzani wa takriban kilo 500, ilikuwa kipande cha roketi. Kwa bahati njema hakuna aliyejeruhiwa.

Mjadala uliofuata ulihusu kile kilichofika ardhini. Ni wachache waliouliza kuhusu kile ambacho hakifiki. Sehemu kubwa ya mabaki ya roketi na setilaiti huteketea yanaporejea katika angahewa. Alumini na madini mengine huyeyuka, yakawa mvuke, kisha mvuke huo ukagandamana na kuwa chembechembe ndogo mno kuliko zile za moshi wa jikoni. Chembechembe hizo haziangukii shamba la mtu. Huelea juu kwa miezi na miaka.

Hata hivyo, haziko pale zilipo bila mpango. Katika sehemu za juu kabisa za angahewa, hewa husafiri kutoka upande wa dunia ulio katika majira ya joto hadi ule ulio katika majira ya baridi, na huko ikashuka juu ya ncha. Vumbi la vimondo limekuwa likifuata njia hiyo tangu zamani. Sasa vumbi la vyombo vya binadamu linaifuata njia iyo hiyo. Anga iliyo juu ya Antaktika mwezi wa Julai, na juu ya Aktiki mwezi wa Januari, ni kama mdomo wa faneli ambamo takataka za juu hupita zikishuka.

Anayetaka kujua kilichomo ndani ya faneli hiyo hana budi kutuma chombo kikaonje hewa yenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne chombo hicho kimekuwa puto.

Huenda msomaji akashangaa kwamba katika enzi ya setilaiti wanasayansi wangali wanategemea puto, chombo ambacho Wafaransa walikirusha kwa mara ya kwanza katika karne ya 18. Sababu ni nyepesi. Ndege za utafiti, isipokuwa chache mno, haziwezi kupita kimo cha kilomita 20. Setilaiti nayo hutazama kutoka mbali, ikakisia ukubwa na idadi ya chembechembe kutokana na jinsi zinavyotawanya mwanga. Puto lililojazwa heliamu hupanda hadi kilomita 30 na zaidi, likipita katika kila tabaka na kupima huku likienda. Gharama yake ni ndogo sana likilinganishwa na chombo chochote kingine kifikacho huko.

Kifaa kinachoning'inizwa chini ya puto si cha kutisha. Pampu ndogo hufyonza hewa na kuipitisha mbele ya mwale wa mwanga. Kila chembe inapopita humeremeta, na kimulimuli hicho huhesabiwa. Chembe kubwa humeremeta zaidi, ndogo kidogo, na kwa njia hiyo kifaa hujua idadi pamoja na ukubwa. Chuo Kikuu cha Wyoming nchini Marekani kilianza kurusha vifaa vya aina hii kwa utaratibu kutoka mji wa Laramie mwaka wa 1971. Miaka kumi awali, mwanasayansi Mjerumani Christian Junge alikuwa ametumia maputo kuonyesha kwamba kuna tabaka la chembechembe za salfa linaloizunguka dunia yote kwa kimo cha kilomita 20 hivi. Tabaka hilo lina jina lake hadi leo.

Kazi hiyo ingebaki ya wataalamu wachache lau si tukio la Mei 1985. Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ilikuwa ikipungua kwa kiasi cha kutisha kila ifikapo Septemba na Oktoba. Ozoni ndiyo ngao inayozuia miale ya urujuanimno isiwafikie viumbe. Hakuna aliyekuwa ametabiri ingepotea kwanza mahali ambapo hapana viwanda wala wakazi wa kudumu.

Nadharia tatu zilizuka. Ya kwanza ilizilaumu gesi za klorofluorokaboni, almaarufu CFC, zilizokuwa zikitumiwa katika majokofu na mikebe ya kupulizia manukato. Ya pili ilidai kuwa upepo ulikuwa ukiinua hewa ya chini, ambayo kwa kawaida ina ozoni haba, na kusukuma kando ile ya juu. Ya tatu ililitupia jua lawama. Kwa watengenezaji wa gesi hizo, nadharia ya pili na ya tatu zilikuwa na mvuto wake, kwani zilimaanisha hapakuwa na mkosaji wa kushtakiwa.

Mnamo Agosti 1986, msafara mdogo ulioongozwa na Dkt Susan Solomon uliwasili katika kituo cha McMurdo, wakati jua lilikuwa ndiyo kwanza linarejea baada ya usiku wa miezi kadhaa. Miongoni mwa vikundi vilivyokwenda kilikuwa cha Wyoming, chini ya Dkt David Hofmann. Katika wiki zilizofuata kikundi hicho kilirusha zaidi ya maputo 30, mengi yakiwa na vifaa vya kupima ozoni, na mengine yakiwa na vifaa vya kuhesabu chembechembe.

Maputo ya ozoni yalionyesha kwamba upungufu ulikuwa umejikita kati ya kilomita 12 na 20. Yale ya chembechembe yalileta ushahidi wa aina nyingine. Iwapo hewa ilikuwa ikiinuliwa kama nadharia ya pili ilivyodai, basi tabaka la chembechembe lingepanda pamoja nayo. Tabaka lilikuwa likishuka. Chembe za salfa, ambazo hazina uhusiano wowote na siasa za viwanda, zilikuwa zimetoa ushahidi ambao wakili yeyote angetamani kuwa nao. Vipimo vingine vya msafara uo huo viliidhoofisha nadharia ya jua. Ilibaki CFC.

Lakini CFC peke yake haikutosha kueleza ni kwa nini Antaktika, na ni kwa nini Septemba. Hapa ndipo chembechembe zinapoacha kuwa shahidi na kuwa mshukiwa.

Wakati wa majira ya baridi, upepo mkali huzunguka Antaktika na kuifungia hewa ya juu ndani yake kama ng'ombe zizini. Ndani ya zizi hilo halijoto hushuka hadi nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sufuri, na kupita hapo. Katika baridi kama hiyo, mvuke wa maji na asidi ya naitriki uliomo hewani hugandamana na kuwa mawingu membamba, ambayo nyakati fulani hung'aa rangi za lulu jua likiwa chini ya upeo wa macho. Ni mazuri ajabu kuyatazama. Juu ya kila chembe ya mawingu hayo, klorini iliyotokana na CFC, ambayo awali ilikuwa imefungwa katika gesi zisizo na madhara makubwa, huachiliwa huru. Jua linaporejea, ni kama kiberiti kwenye kuni zilizokwisha kukaushwa.

Kuna jambo la pili lililochukua muda mrefu zaidi kulielewa. Baadhi ya chembe hizo hukua, zikawa nzito, zikaanguka. Zinapoanguka huondoka na naitrojeni ambayo ingeirejesha klorini kifungoni, na hivyo uharibifu ukaendelea kwa wiki nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo haitoshi kujua kwamba mawingu yapo. Ni lazima kujua chembe zake zina ukubwa gani na zimeundwa kwa nini hasa.

Jibu la swali la mwisho lilitoka upande wa pili wa dunia. Mnamo Januari 2000, watafiti wa Ulaya na Marekani walirusha puto kubwa kutoka kituo cha Esrange, karibu na mji wa Kiruna, kaskazini mwa Sweden. Puto hilo lilibeba chombo cha kupima uzani wa molekuli, pamoja na kihesabu cha Wyoming. Lilipita ndani ya wingu na kupata kwamba kwa kila molekuli moja ya asidi ya naitriki kulikuwa na molekuli tatu za maji, jambo ambalo wanakemia walikuwa wamelikisia maabarani tangu miaka ya 1980 lakini hakuna aliyekuwa amelithibitisha angani. Majira hayo hayo, ndege ya utafiti ya Marekani ilikutana na chembe kubwa kiasi kwamba wanasayansi walizibandika jina la mawe.

Wakati huo siasa zilikuwa zimekwisha kutangulia. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi Septemba 1987, chini ya usimamizi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lililoongozwa na Mmisri, Dkt Mostafa Tolba. Sekretarieti ya ozoni ina makao yake hapa Nairobi, katika mtaa wa Gigiri. Kigali nayo ilikuwa mwenyeji wa marekebisho ya mwaka wa 2016, yaliyogusa gesi zilizochukua nafasi ya CFC katika majokofu. Ukanda huu basi si mgeni katika habari hizi, ingawa theluji yake pekee iko vileleni mwa milima michache.

Tathmini ya kisayansi ya mwaka wa 2022, iliyotangazwa Januari 2023, ilikadiria kuwa ozoni itarejea hali ya mwaka wa 1980 kufikia 2066 hivi juu ya Antaktika, na 2045 juu ya Aktiki. Hiyo ni habari njema, na viongozi wamekuwa wepesi wa kuinukuu. Lisilonukuliwa sana ni kwamba tarehe hizo zinachukulia kuwa anga ya stratosfia itaendelea kuwa jinsi tunavyoijua. Matukio ya miaka ya karibuni yanatoa kila sababu ya kutilia shaka hilo.

Somo la kwanza lilitolewa mapema. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka Juni 1991, ukafuatwa na mlima Hudson wa Chile mwezi wa Agosti. Kabla ya mwaka kwisha, maputo ya McMurdo yalikuwa yamekutana na chembechembe za Hudson katika kimo cha chini ambako ozoni haikuwa ikiathirika awali, na sasa ilikuwa ikipotea. Kumbe hata pasipo mawingu ya baridi kali, chembe za salfa zaweza kuifanya kazi iyo hiyo.

Kisha ukaja moshi. Mioto ya misitu ya Australia iliyowaka mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilikuwa mikali hivi kwamba moshi wake ulipenya hadi stratosfia, na uchunguzi uliofuata, alioshiriki Dkt Solomon yule yule, ulionyesha kwamba moshi huo ulivuruga kemia ya klorini kwa namna isiyotarajiwa. Januari 15, 2022, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, iliyo chini ya Bahari ya Pasifiki, ilirusha juu takriban tani milioni 150 za maji. Watafiti walikimbilia kisiwa cha Réunion, katika Bahari Hindi, na katika muda wa siku chache walikuwa wamerusha maputo ndani ya wingu hilo. Waligundua kuwa chembe za salfa zilikuwa zimeumbika kwa kasi kuliko walivyodhani. Mvuke wa maji hayo ulifika juu ya Antaktika mwaka uliofuata.

Hatimaye ni vyuma. Mwaka wa 2023, wanasayansi wa Marekani waliopeleka ndege ya kuruka juu sana kutoka Alaska walitangaza kuwa karibu asilimia 10 ya chembe za salfa walizochunguza, zile zenye ukubwa wa kutosha kupimwa moja moja, zilikuwa na alumini na madini mengine yaliyotoka katika vyombo vya angani vilivyoteketea. Idadi ya setilaiti inazidi kuongezeka, na makampuni yanayozirusha yanajisifu kwamba zimeundwa ziteketee kabisa ili zisimwangukie mtu. Kwa mkazi wa Mukuku hilo ni jambo la faraja. Kwa hewa ya ncha za dunia, kuteketea kabisa ndiko kunakoleta mzigo. Kama vyuma hivyo vitabadilisha jinsi mawingu ya baridi yanavyoumbika, hilo bado linachunguzwa.

Mtu angetarajia kwamba wakati kama huu ndipo maputo yangeongezwa. Hali imekwenda kinyume. Mfululizo wa vipimo vya Wyoming huko McMurdo, uliodumu kwa zaidi ya miongo miwili, ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mradi wa Concordiasi, ulioongozwa na Wafaransa wakishirikiana na Wamarekani, ulirusha maputo 19 kutoka kituo hicho mwaka wa 2010. Yalikuwa maputo yaliyoweza kuelea kwa wiki na miezi, baadhi yake yakiwa na vihesabu vya chembechembe. Baada ya hapo hapakuwa na msafara wa kiwango hicho juu ya Antaktika. Setilaiti ya CALIPSO, iliyoyachora mawingu ya ncha kwa leza tangu 2006, ilistaafishwa Agosti 2023.

Mnamo Februari 2025, kituo cha Kotzebue, kaskazini mwa Alaska, kilisitisha hata maputo ya kawaida ya utabiri wa hewa kwa kukosa wafanyakazi. Pendekezo la bajeti ya serikali ya Marekani la mwaka wa 2026 lilitaka kitengo kizima cha utafiti cha NOAA, mamlaka ya bahari na angahewa ya nchi hiyo, kivunjwe. Pendekezo si sheria. Lakini mtaalamu wa kurusha puto katika baridi ya McMurdo hapatikani sokoni. Akishaondoka, huondoka na ujuzi wake: lini plastiki itumike badala ya mpira ambao baridi huukausha ukapasuka, na upepo wa kiasi gani utalilaza puto barafuni kabla halijapaa.

Wapo wanaosema kuwa setilaiti mpya zitaziba pengo. Ni kweli kwamba Ulaya na Japani zilirusha EarthCARE Mei 2024, nayo ina leza yake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama setilaiti zingeweza kujisahihisha zenyewe. Haziwezi. Kwa miaka yote hiyo puto ndilo lililokuwa mizani ya kuzipimia, na duka lisilo na mizani ya kuaminika huuza kwa kukisia.

Lipo suala jingine linaloligusa bara hili moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na mradi uliojulikana kama SCoPEx, uliokusudia hatimaye kumwaga kiasi kidogo cha vumbi la chokaa katika stratosfia kutoka kwenye puto, ili kuchunguza kama mwanga wa jua unaweza kupunguzwa kwa makusudi na dunia ikapoa. Jaribio la kwanza, ambalo halingemwaga chochote, lilipangwa kufanyika Kiruna Juni 2021. Baraza la Wasami, wenyeji asilia wa eneo hilo, lilipinga vikali likisema halikushauriwa. Jaribio lilisitishwa Machi 2021, na mradi wenyewe ukafungwa miaka mitatu baadaye.

Mawaziri wa mazingira wa Afrika walichukua msimamo unaofanana na wa Wasami mnamo Agosti 2023, wakitaka pawe na makubaliano ya dunia ya kutotumia teknolojia hiyo. Hofu yao inaeleweka: anayecheza na mwanga wa jua anacheza na mvua, na wakulima wa Afrika hawana mvua ya kuchezewa. Katika kikao cha sita cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kilichofanyika Gigiri kuanzia mwishoni mwa Februari 2024, azimio lililopendekezwa na Uswisi kuhusu suala hilo liliondolewa baada ya wajumbe kukosa kuelewana.

Msimamo wa mawaziri hao una udhaifu mmoja ambao haujazungumziwa vya kutosha. Marufuku huhitaji askari wa kuilinda. Iwapo nchi au kampuni fulani itamwaga salfa angani kisiri, itajulikanaje kwamba kilichoongezeka si cha volkano wala moshi? Ni kwa kulinganisha na hesabu za kabla. Bunge la Marekani lililielewa hilo lilipotenga fedha mwaka wa 2020 kwa mpango wa NOAA ambao, pamoja na mambo mengine, hurusha maputo ya kuhesabu chembechembe kutoka vituo kadhaa, Réunion ikiwa mojawapo. Takwimu hizo ni za nchi moja na hulipiwa na bajeti ya nchi moja, ile ile ambayo imekuwa ikitishiwa kukatwa. Anayepinga umwagaji na asichangie upimaji atalazimika kuamini neno la mwingine.

Kenya ina sababu ya kulitamka hilo kwa sauti. Tangu miaka ya 1990, Idara ya Utabiri wa Hewa, ikisaidiwa na wenzao wa Uswisi, imekuwa ikirusha puto la ozoni kila wiki kutoka Dagoretti Corner. Vituo vya ikweta vinavyofanya hivyo ni vichache mno, na data ya Nairobi hutumiwa na watafiti wa mataifa mengi. Ikweta nayo ndiko hewa ya chini huingilia stratosfia kabla ya kuanza safari ndefu ya kuelekea kwenye ncha. Aliyepima hewa Nairobi na aliyepima McMurdo wanapima mwanzo na mwisho wa mto mmoja.

Tathmini ya ozoni hutolewa kila baada ya miaka minne, na ile ya 2022 ilikuwa ya kwanza kutenga sura nzima kwa suala la kumwaga chembechembe angani. Itakayofuata itatarajiwa kusema lolote kuhusu alumini, moshi na maji ya Hunga. Wajumbe wa Mkataba wa Montreal huijadili ripoti hiyo wakiwa na uwezo wa kuamua ni vipimo gani vigharamiwe na mfuko wa nani. Kutoka Gigiri wanakoandaliwa makabrasha hayo hadi Dagoretti ni safari ya chini ya saa moja, barabara zikiwa wazi. Puto la huko hupanda na kifaa cha ozoni, joto na unyevu. Kihesabu cha chembechembe hakimo.